Dhahabu ya Simbu: barua kwa Babu, Bukavu

Tokyo, 23 Septemba 2025

Babu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Nyanya na wote wa Kadutu, nikitumaini kwamba barua hii, ambayo dada atakusomea kwenye simu, inawakuta wazima licha ya mambo mazito yaliyoukuta mji wetu tangu vita vilipoufikia Februari.

Jumatatu tarehe 15 huku ilikuwa sikukuu ya kuwaheshimu wazee, watu hawaendi kazini, nami nikaona heshima yako nitaitimiza vizuri nikienda kusimama barabarani kuangalia marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha, kwani ni wewe uliyenifundisha jina la Filbert Bayi, Mtanzania aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Mbio zilianza saa moja na nusu asubuhi, tena kwa kichekesho: mkimbiaji mmoja alitoka kabla ya mlio, na wote wakarudishwa mstarini, kana kwamba katika safari ya kilomita 42 hatua mbili tatu ni wizi. Nilicheka sana.

Saa mbili baadaye sikucheka tena. Amanal Petros, mzaliwa wa Eritrea aliyefika Ujerumani akiwa mkimbizi (hilo najua litakugusa), aliingia uwanjani akiongoza, na Alphonce Simbu wa Tanzania akamfukuza mpaka wakafika utepeni pamoja, Petros akianguka chini. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha iamue. Simbu alikuwa ametangulia kwa sehemu 3 za mia za sekunde moja. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano haya yaanze mwaka 1983, na ndiyo medali pekee waliyorudi nayo safari hii. Wakenya walichukua dhahabu 7, lakini hao tumeshawazoea. Simbu alikuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, wa tatu katika mashindano haya haya London mwaka 2017, na wa pili katika marathoni ya Boston Aprili hii. Hata mimi nilishaanza kudhani kwamba nafasi ya kwanza hakuandikiwa.

Mkongomani mwenzangu wa hapa aliniuliza kwa nini ninashangilia bendera ya jirani. Nilimjibu kwamba Kongo yetu haijapata medali hata moja katika mashindano haya, na kwamba kati ya maneno yote yaliyopigiwa kelele barabarani asubuhi ile, yangu yalikuwa ya Kiswahili, lugha ambayo Simbu hahitaji kutafsiriwa. Tusisingizie mahali, Babu: Arusha, anakofanyia mazoezi, haiko juu ya usawa wa bahari kuliko Bukavu.

Mwambie mdogo wangu anayepanda mlima akikimbia kila alfajiri kwamba viatu vyake, namba 41, nitampa mtu anayepitia Kigali mwezi wa kumi.

Mjukuu wako