Aliyeona kwa macho yake asifungiwe mlango wa mahakama

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari. Taarifa yenu ya jaji wa Tampa, Florida, imenishinda kunyamazia. Jaji Kathryn Mizelle aliamua Septemba 2024 kwamba mtoa taarifa, yaani raia anayefichua udanganyifu, hana mamlaka ya kuishtaki kampuni kwa niaba ya serikali ya Marekani. Kesi ilikatiwa rufaa, lakini nanyi mkamaliza kwa maneno ya mtu anayesema hawa wanatafuta utajiri wa haraka.

Utajiri upi? Sheria inayomruhusu raia kushtaki hivyo, False Claims Act, ni ya 1863, enzi za Rais Lincoln, walaghai walipokuwa wakiliuzia jeshi baruti iliyochanganywa na unga wa mbao. Anayeshtaki hupata asilimia 15 hadi 30 ya fedha zitakazorudi, zikirudi. Mwaka wa fedha 2024 zilirudi zaidi ya dola bilioni 2.9, na zaidi ya bilioni 2.4 zilitokana na kesi za watu hawa hawa.

Mimi nahudumia wagonjwa majumbani hapa Texas. Mwaka 2016 nilikuwa na mzee mmoja aliyelipiwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Alifariki Jumanne alfajiri. Wiki iliyofuata nilikwenda ofisini kuchukua hundi yangu, nikaikuta karatasi yake ya zamu mezani: Jumatano kaogeshwa, Alhamisi kalishwa uji, Ijumaa kabadilishiwa shuka. Chini, jina langu, kwa mwandiko usio wangu. Msimamizi akasema karani amekosea, na saa zangu zikashuka kutoka 40 hadi 12 kwa wiki. Nikatafuta mwanasheria. Akanionea huruma, kisha akaniambia wakaguzi walikwisha kuandika ripoti juu ya kampuni ile, kwa hiyo mahakama ingeweza kusema nadai jambo linalojulikana, ikaitupa kesi. Linajulikana na nani? Ripoti ile haikumtaja mzee wangu wala saini ile! Hata Daniel Kirk, aliyepigana Vietnam, alikwama hapo hapo alipoishtaki kampuni aliyowahi kuifanyia kazi: mkewe aliomba nyaraka Wizara ya Kazi, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ikasema majibu ya wizara nayo ni ripoti ya serikali, hivyo kesi haiwezi kusimama juu yake. Usipokuwa na ushahidi unafukuzwa. Ukiuomba kihalali unaambiwa ulikwisha kutangazwa.

Na wanaofuatiliwa ni sisi. Programu ya simu inajua nimefika mlangoni saa ngapi. Basi likichelewa dakika saba, nakatwa. Anayewadai walipa kodi kwa ajili ya marehemu hakatwi chochote.

Ninachotaka ni hiki: kila mwisho wa mwezi, orodha ya saa zilizodaiwa ipelekwe nyumbani kwa mgonjwa, kwa herufi kubwa na kwa lugha inayosomwa pale, ibandikwe kwenye mlango wa friji. Wajukuu watazihesabu. Na mhudumu aliyeghushiwa jina aruhusiwe kushtaki, hata wakaguzi wawe wameandika ripoti mia.

Binti wa mzee yule mpaka leo hajui karatasi ile ilisema nini.

Mhudumu wa wagonjwa,
Texas, Marekani