Filta za kwenye boksi la wazi zinatuulia kompresa

Ndugu mhariri, habari za kazi. Mi ni fundi friji hapa Tanga, Ngamiani, naomba nafasi kidogo gazetini kwako niseme jambo la filta za friji, vile vikopo vidogo vya kopa vinavyonyonya unyevu kwenye njia ya gesi, ambalo mafundi wenzangu hawatalipenda ila wateja linawahusu sana kwa sababu hela inayopotea ni yao.

Juzi kati aliniita mama mmoja anauza barafu za ubuyu na ukwaju, friji lake lilishapita kwa mafundi wawili. Akaniambia, "Fundi, hili likiwaka asubuhi linagandisha vizuri tu, ikifika saa tano linaacha, nikilizima likapumzika nikiwasha tena linashika kama halina tatizo." Wale wawili wote walimwambia gesi imeisha wakamwongezea gesi, wakachukua chao wakaondoka. Sasa gesi iliyoisha inarudije yenyewe ikipumzika? Mi nilivyosikia hivyo nikajua humo ndani kuna maji.

Nikaliwasha nikakaa nalo. Mwanzo unasikia gesi inapita shiiii pale kapilari, kile kibomba chembamba cha gesi, inapoingia kwenye evaporeta, yaani sehemu inayogandisha, baadae sauti ikafifia mpaka ikakata na geji ya presha ikashuka chini ya sifuri, mota inaunguruma tu. Nikachovya kitambaa kwenye maji ya moto nikakizungushia pale pale, haikupita muda shiiii imerudi! Mama akacheka akasema fundi wewe una dawa, wala sio dawa. Kile kitundu cha kapilari hakifiki hata milimita moja, tone dogo la maji likifika pale kwenye baridi linaganda linaziba, ukilipasha linayeyuka njia inafunguka. Na yule aliyeongeza gesi wakati pameziba, barafu ikiyeyuka gesi inakuwa imezidi, kwa hiyo kaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Nilipokata mabomba nikakuta filta inang'aa, kopa nyekundu kabisa, imechomelewa vizuri wala sikuona kosa la mkono. Nikampigia fundi aliyeiweka, tunafahamiana, nikamuuliza filta ulitoa wapi. Akasema ilikuwa wazi kwenye begi lake la vifaa tangu mwaka juzi, "lakini ilikuwa mpya bana, sijawahi kuitumia."

Hapo ndo penye kesi mhariri. Filta haizeeki kwa kutumika tu. Mle ndani kuna vishanga vidogo kama mtama, kazi yao ni kunyonya unyevu wowote uliobaki kwenye mfumo, na havichagui unyevu wa friji au wa begi lako. Ukishatoa vifuniko watengenezaji wengi wanakupa kama dakika 15 tu uwe umeshaichomelea. Sasa we umeiacha wazi miaka miwili, tena Tanga, masika hii hii ambayo chumvi kwenye kopo inalowa mpaka watu wanatia punje za mchele! Vile vishanga vilishashiba maji ya hewa zamani sana, ukiviweka kwenye friji havina nafasi ya kunyonya kitu, na friji likipata joto vinaweza kuyatema hayo maji humo humo ndani. Yaani umelipa fundi akutilie maji kwenye friji.

Na kuganda ni afadhali kwa sababu unakuona. Friji zinazotumia gesi ya R134a zina oili ya kompresa ambayo yenyewe inavuta maji vibaya sana, ikikutana nayo kwa joto la kompresa inageuka asidi taratibu, asidi inakula waya za mota, baada ya miezi kadhaa unaambiwa kompresa imekufa, umeme wa siku hizi mbaya. Umeme unasingiziwa mengi nchi hii. Filta ya friji la nyumbani ni hela ya soda chache, kompresa ni laki na kitu.

Kuna wanaosema wao wanaipiga moto kwanza ikauke. Huo moto wa mtungi wenyewe ukiwaka unatoa mvuke wa maji, na vile vishanga ili vikauke kweli vinataka joto la zaidi ya digrii 200 kwa masaa, tena kwenye vakyumu, yaani hewa ikiwa imenyonywa, au hewa kavu, sio kupitisha tochi juu juu dakika mbili. Ikianza kupoa inavuta hewa ya nje tena. Unajichosha.

Na mimi sio malaika. Marehemu mzee aliyenifundisha kazi aliniachia kopo la filta za enzi za R12, gesi ya zamani ya friji ambayo nchi zetu zilitakiwa ziwe zimeachana nayo mwaka 2010. Zimezibwa vizuri hazijafunguliwa hata moja, nikasema hizi sasa salama, nikazifunga mbili kwenye friji za R134a. Baadae ndo nikasoma maandishi kwenye moja iliyobaki, XH-5, ndo jina la aina ya vishanga vya ndani, kumbe hiyo ni ya R12, R134a inataka XH-7 au XH-9. Kwa hiyo hata iliyozibwa isome kwanza. Ila iliyozibwa vizuri na ya gesi yako, hata ikikaa dukani muda mrefu mi sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu mwingine ni na maduka ya spea. Kuna duka hapa mjini, silitaji, filta ziko kwenye boksi wazi juu ya kaunta hazina vifuniko, unachagua kama unachagua njugu. Nikamuuliza kijana wa pale vifuniko viko wapi akanijibu "hivyo tunavitoa kaka vinajaza boksi." Nilikosa la kusema.

We mteja usione aibu, mwambie fundi filta aifungue mbele yako na awe ameshamaliza mengine yote. Na akitaka kupuliza gesi kidogo kutoa hewa badala ya kuvuta vakyumu mkatalie, unyevu hautoki kwa kupulizwa. Yule mama nilimwekea filta ya XH-9 nikavuta vakyumu karibu saa nzima, akawa ananilalamikia pampu inamlia umeme, nikamwambia vumilia mama. Nimepita wiki iliyopita, barafu za ukwaju ngumu kama mawe saa nane mchana, kaninyima hata moja ya bure.

Kopo la mzee bado ninalo, filta nimezikata zote, sasa naweka misumari.

Fundi friji,
Ngamiani, Tanga