Barua toka Texas: magari ya kwenye tope

Kaka Hamisi,

Mambo vipi, Tanga wazima? Shemeji na watoto hawajambo? Mi huku Dallas niko poa, hela tu ndo haitulii mfukoni.

Sasa we fundi, wikiendi nimefika sehemu nikakukumbuka balaa. Kuna mji unaitwa Kilgore, kama masaa mawili hivi toka hapa kuelekea mashariki, wana makumbusho ya mafuta yalifunguliwa 1980, humo ndani wamejenga mtaa mzima wa miaka ya 1930, duka, kinyozi, posta, gereji, na barabara yenyewe tope tupu, gari la enzi hizo limezama humo. Hapo ndo walinipata, maana makumbusho mengine magari yamepigwa polishi kama yanapeleka bibi harusi, huwezi kujua kuna mtu aliwahi kuyatolea jasho.

Zile Ford Model T za wakati ule ungezipenda aisee. Pedali tatu ila ya mafuta haimo, mafuta unavuta kwa mkono pale kwenye usukani, tanki la kawaida liko chini ya siti na pampu hamna, petroli inateremka yenyewe tu, kwahiyo kilima kikiwa kikali na petroli imebaki kidogo injini inakosa mafuta, watu walikuwa wanapanda kwa rivasi!! Na kuwasha unapiga handeli, ikikurudia mkono umevunjika.

Vurugu yote ilianza Oktoba 1930, mzee mmoja Joiner, ana miaka 70, kapata mafuta kwenye shamba la mama mjane, Daisy Bradford. Kilgore ilikuwa kijimji cha watu mia kadhaa, mara wakamiminika maelfu. Jela hamna, askari mmoja, Gonzaullas, akawa anawafunga watuhumiwa kwenye mnyororo mrefu ndani ya kanisa kuukuu. Visima 24 kwenye eka moja na kidogo katikati ya mji, kimoja wametoboa sakafu ya benki, sikutanii! Mafuta yakawa mengi mpaka bei ya pipa ikaanguka chini ya senti 15 za dola, na 1931 gavana akaleta wanajeshi kuja kufunga visima. Yaani utajiri ndo huo huo uliotaka kuwaua njaa.

Kuna na lifti ya kujifanya unashuka chini ya ardhi futi 3,800, hiyo ya watoto bwana, nilicheka tu.

Vipi huko, hilo bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, linakuja Chongoleani, vyumba vimepanda bei? Na mafundi wenzio wanapata kazi au wanaletwa watu toka nje? Niandikie basi usinijibu na emoji.

Halafu lile lori la Bedford la marehemu mzee lililopo uani, nimesikia mnataka kuliuza chuma chakavu. Subirini kwanza, nipigie picha za injini na dashibodi, tuongee bei.

Wako,
Juma