Barua kwa mwanangu: kabla ya kunywa soda

Mama,

Dada yako ameniambia Jumatatu ulitetemeka tena kazini, jasho likakutoka, ukawa unaongea maneno yasiyoeleweka mpaka walipokupa soda. Kliniki moja imekuandikia dawa za taifodi, nyingine imesema ni mawazo. Sikubaliani nao. Taifodi gani hiyo inayotulizwa na soda? Mimi nashuku sukari ya damu yako inashuka kupita kiasi. Maabara nilistaafu, lakini jicho la maabara bado ninalo.

Daktari mpasuaji Mmarekani, Allen Whipple, alituachia tangu miaka ya 1930 mambo matatu ambayo lazima yakutane kabla ya kusema tatizo ni sukari kushuka: dalili, sukari iliyoshuka kwenye damu iliyotolewa wakati huohuo, na dalili kuondoka sukari ikipanda. La kwanza na la tatu unayo. La katikati bado. Ile 2.6 (milimoli kwa lita) ya mashine ya kidole ya jirani yako isipuuzwe, lakini mashine hizo, hata zilizotimiza viwango, zinaruhusiwa kukosea kwa karibu 0.8 sukari inapokuwa chini. Huenda ulikuwa na 3.4. Kwa mtu asiye na kisukari, tunatafuta chini ya 3.0 kwa damu ya mshipa.

Kwa hiyo dalili zikikukuta karibu na hospitali na akili bado iko sawa, waombe wakutoe damu kwanza, ndipo unywe. Chupa ya kupimia sukari iwe ile ya kifuniko cha kijivu, na ifike maabara upesi, kwa sababu chembe za damu huendelea kula sukari humo ndani na jibu likatoka la uongo. Lakini ukiwa ndani ya matatu Thika Road, au umeanza kuchanganyikiwa, achana na vipimo. Kunywa soda yenye sukari, kisha ule. Uhai wako kwanza.

Wakati huohuo wapime pia insulini, homoni inayoshusha sukari, na C-peptidi, kipande kinachobaki mwili ukitengeneza insulini. Kongosho likitengeneza insulini, C-peptidi hutoka nayo sawa kwa sawa. Insulini ya sindano haina. Ila vidonge vya kisukari kama glibenklamidi hulisukuma kongosho lenyewe, insulini na C-peptidi zikapanda zote mbili, kwa hiyo dawa hiyo itafutwe kwenye damu pia. Shangazi unayeishi naye anameza dawa za sukari, sivyo? Angalia vidonge vyake vimewekwa wapi. Na kama kuna dawa ya mitishamba ya kupunguza mwili uliyonunua mjini, ipeleke kwa daktari na pakiti yake. Singapore mwaka 2008 watu walilazwa, wengine wakafa, kwa dawa za nguvu za kiume zilizokuwa na glibenklamidi iliyofichwa. Kama unakunywa pombe bila kula, sema pia. Ini linaposhughulika na pombe, haliwezi kutengeneza sukari mpya. Mimi sitauliza. Daktari atauliza.

Andika kwenye daftari: ulikula nini, saa ngapi, dalili zilianza lini. Zikija saa chache baada ya ugali ni njia moja. Zikija alfajiri kabla ya chai ni nyingine kabisa, na hiyo ndiyo inayonisumbua zaidi. Hapo daktari wa homoni atapima kortisoli, homoni ya tezi za juu ya figo, kuona kama tezi hizo zimelegea, na huenda akakulaza ufunge kula hadi saa 72 huku wakikupima. Usijaribu kufunga hivyo nyumbani. Wanatafuta, pamoja na mengine, uvimbe mdogo wa kongosho unaomwaga insulini ovyo. Ni nadra sana, na mara nyingi si saratani.

Wakikutuma picha ya CT ya tumbo kabla ya damu kusema, uliza kwa adabu kwa nini. Uvimbe huo mara nyingi haufiki sentimita mbili; picha inaweza kuukosa, ukaambiwa uko mzima.

Nimemwomba rafiki yangu wa zamani aliye Hospitali ya Kenyatta aniulizie siku ya kliniki ya homoni. Tutaenda pamoja. Mpaka hapo, gari liache, na usilale njaa.

Baba yako