Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wasifu wa Viongozi Wanaobishaniwa

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka. Hesabu zimekaguliwa na Mweka Hazina atazisoma mwenyewe. Ada zinalipwa vizuri kuliko mwaka jana, na tumepata wanachama wapya kutoka Uganda, Lubumbashi na Muscat. Ujio wao ndio uliotufikisha kwenye jambo lililokula muda mwingi wa vikao vyetu: lugha tunayotumia katika kamusi elezo yetu tunapoandika wasifu wa viongozi ambao wasomaji wetu hawakubaliani juu yao.

Ubishi ulianzia kwenye makala ya Idi Amin. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa ikisomeka hivi: "Nduli Idi Amin Dada alikuwa dikteta katili wa Uganda." Mwanachama wetu wa Arua aliomba neno nduli liondolewe, mwenzake wa Bukoba akakataa katakata. Alitukumbusha kwamba Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuingia Tanzania, kwamba daraja la Kyaka lilivunjwa, na kwamba pale Kaboya wamelala askari wetu waliokufa katika vita ile. Aliuliza, "Sasa mnataka nimwiteje?" Ukumbi ulinyamaza. Lilikuwa swali la haki, na kamati haikutaka kulijibu kwa kunukuu kanuni.

Baada ya vikao kadhaa tulikubaliana mwanzo huu: "Idi Amin Dada (takriban 1925 – 16 Agosti 2003) alikuwa ofisa wa jeshi na Rais wa Uganda kuanzia 1971 hadi 1979. Alitwaa madaraka kwa mapinduzi ya kijeshi tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola." Aya hiyohiyo, bila kumsubirisha msomaji, inataja waliouawa: Tume ya Kimataifa ya Wanasheria ilikadiria kuwa hawakupungua 80,000 na kwamba huenda walifika 300,000, vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni, vikisaidiwa na Amnesty International, vilitaja 500,000. Neno nduli halikutupwa. Limehamia kwenye sehemu ya vita, ambako makala inaeleza kwamba ndivyo alivyoitwa Tanzania, kwenye hotuba na magazeti ya wakati ule. Mwenzetu wa Bukoba aliisoma aya hiyo mara mbili, akasema inauma zaidi kuliko ile ya zamani. Naamini ana haki. Neno katili msomaji anaweza kulikataa. Tarehe, idadi na jina la aliyehesabu hawezi kuvikwepa.

Lakini nataka niseme wazi jambo lililonisumbua zaidi ya nduli. Tulipoanza kuondoa maneno makali, baadhi ya wahariri wetu waliendelea mbele mpaka wakalainisha na matendo. Katika rasimu moja, Waasia wa Uganda "waliondoka nchini mwaka 1972". Hawakuondoka! Walifukuzwa: Agosti mwaka huo Amin alitangaza kwamba waondoke na akawapa siku 90. Katika rasimu nyingine Askofu Mkuu Janani Luwum "alifariki Februari 1977 katika ajali ya gari", sentensi ikaishia hapo kana kwamba hakuna la kuongeza. Ukweli ni kwamba alikamatwa, kesho yake serikali ikatangaza kuwa yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa kwa ajali, na mwili wake ulipotolewa ulikuwa na matundu ya risasi. Sentensi isiyoegemea upande inayataja yote hayo kwa mpangilio wake na kuweka wazi kwamba habari ya ajali ilikuwa tangazo la serikali. Kuandika "alifariki" mahali pa "aliuawa" ni kuchagua upande, hata kama neno lenyewe linasikika la upole. Nawaomba wahariri wote walisome tena kila fariki, potea na ondoka katika makala za miaka ya 1960 na 1970.

Wenzetu wa Lubumbashi walituletea mfano mzuri kwenye makala ya Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo. Upande mmoja ulitaka aitwe shujaa tangu mstari wa kwanza. Upande mwingine ulisema Katanga, jimbo la kusini mwa Kongo lilikouawa, wapo wanaomkumbuka vingine. Aliyetupatanisha ni mwanachama kijana aliyependekeza tuseme nani alimpa jina hilo na lini. Mobutu, akiwa Rais wa Kongo, alimtangaza Lumumba shujaa wa taifa mwaka 1966. Ni Mobutu huyohuyo ambaye jeshi lake lilimkamata Lumumba mwishoni mwa 1960, kabla hajapelekwa Katanga na kuuawa tarehe 17 Januari 1961. Ukiandika "shujaa" peke yake, historia yote hiyo inafichika. Ukiandika aliyetamka na mwaka aliotamka, msomaji anapata siasa ya Kongo ndani ya mistari miwili.

Hapo ndipo lilipokuja suala ambalo wengi wetu Watanzania tulikuwa hatujalitarajia. Mwanachama wa Kampala aliuliza: kama Amin amevuliwa nduli, kwa nini Nyerere anaitwa Mwalimu na Baba wa Taifa kila aya? Kikao kilichafuka. Nasema kwa moyo wote kwamba nampenda Nyerere na nitaendelea kumwita Mwalimu barazani. Lakini kwenye makala nakubaliana na Kampala. Pendekezo la kamati ni aitwe Julius Kambarage Nyerere, na makala ieleze kwamba alifundisha Tabora na Pugu, kwamba aliacha kazi hiyo mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, na kwamba Watanzania wanamwita Mwalimu na Baba wa Taifa. Hizo ni habari na zinastahili kuandikwa. Makala ieleze pia sheria ya kuweka watu kizuizini ya 1962, mfumo wa chama kimoja wa 1965, na amri ya mwaka 1973 ya kuwahamishia watu vijijini, ambayo utekelezaji wake mara nyingi ulitumia nguvu. Mwenye kuona kwamba huko ni kumvunjia heshima na asimame kwenye mkutano aseme, nitampa nafasi.

Zanzibar hatujamaliza. Kuna wanaoandika Mapinduzi Matukufu na kuna wanaoandika uvamizi, na pande zote mbili zina jamaa waliopotea. Tumekubaliana kuhusu jina "Mapinduzi ya Zanzibar", kuhusu tarehe 12 Januari 1964, na kwamba Sultani Jamshid bin Abdullah alipinduliwa, akaishi Uingereza, akaruhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020, na akafariki huko Desemba 2024. Kwa John Okello, aliyewaongoza wapiganaji wa mapinduzi hayo, tumekubaliana kwamba alizaliwa Uganda, alijiita Field Marshal redioni, na kabla miezi mitatu haijaisha alizuiwa kurudi Visiwani. Kilichobaki ni mauaji yaliyofuata. Makadirio yanapishana kutoka mamia hadi maelfu mengi, na rasimu zote mbili zilizopo zimechagua idadi inayompendeza mwandishi wake. Binafsi nataka makadirio yote yawekwe pamoja, kila moja na jina la aliyelitoa, na neno mauaji libaki, kwa sababu hakuna upande unaokana kwamba watu waliuawa.

Kamati inaomba mkutano mkuu upitishe mambo mawili. Kwanza, kila sifa au lawama kwa kiongozi iandikwe pamoja na jina la aliyeitoa. Pili, makala ya Zanzibar ipewe wasomaji watatu kabla ya kuthibitishwa: mmoja wa Unguja, mmoja wa Pemba na mmoja kutoka kwa wenzetu wa Muscat, na hakuna kati yao atakayekuwa ameshiriki kuandika rasimu. Majina ya wanaojitolea yapelekwe kwa Katibu kabla ya kura.