Kwa mdogo wangu wa Goma: kilio cha mtoto hakimshtaki mama yake

Mdogo wangu,

Sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza mara nne. Maneno yako yalikuwa machache, na nyuma yako mtoto alikuwa analia kilio kile ninachokijua. Kinaanza kidogokidogo, kinapanda, uso unakunjamana, ngumi zinafungwa, magoti yanavutwa tumboni, na lolote mnalofanya halimtulizi. Uliniambia mimi dada yako mkubwa: "Yaya, ni tangu saa kumi na mbili. Amenyonya, tumembadilisha, hataki kulala." Kisha ukashusha sauti, nadhani ili mke wako asisikie, ukasema Mama yetu anaona maziwa ya mke wako ni mepesi, hayamshibishi mtoto.

Ningepanda boti nije, lakini watoto wangu wako kwenye mitihani. Kwa hiyo nakuandikia, na naandika mbele ya watu wote, maana najua nyumba nyingi za Birere na Ndosho huko Goma, na huku kwetu Kadutu, Bukavu, zina mtoto wa namna hii wiki hii, na ndani ya kila moja kuna mama anayetazamwa kwa jicho baya.

Nilipomzaa mkubwa wangu wewe ulikuwa bado kelasi, hukuyaona. Tulikuwa tunakaa nyumba ya mbao, ukuta wetu ndio ukuta wa jirani. Wiki mbili za kwanza mtoto alilala kama malaika. Ya tatu akaanza. Kila jioni, makala yakiwashwa tu, naye anaanza, na anamaliza saa nne za usiku. Watu wakaanza kupita kutoa shauri. Mmoja akasema nimekula sombe yenye pilipili. Mwingine akasema maziwa yangu ni machungu kwa sababu nilikuwa na hasira wakati wa mimba. Mama mmoja wa avenu yetu, mtu mwema kabisa aliyenichotea maji siku nilipotoka kuzaa, akaleta majani yaliyochemshwa na kile kipira cha kuingizia dawa kwa njia ya nyuma. Alisema tumbo la mtoto ni chafu, lazima lisafishwe. Mimi nilikuwa nimechoka hadi sikuwa na nguvu ya kukataa. Nilimshika mtoto miguu mwenyewe.

Usiku huo mtoto aliharisha mara nisizoweza kuhesabu. Asubuhi hakulia tena, na ukimya ule ulinitisha kuliko kilio chote. Mdomo ulikuwa mkavu, utosi umebonyea. Tulikimbia naye kituo cha afya, akawekewa serumu, maji ya mshipani, tukakaa siku mbili. Muuguzi mmoja mzee akaangalia karatasi ya kilo, akaona jinsi mtoto alivyokuwa ameongezeka tangu azaliwe, akaniambia neno ambalo sijalisahau mpaka leo: "Maziwa yako hayana kosa. Mtoto huyu alikuwa mzima mpaka mlipoanza kumtibu."

Ndiyo maana nimekuwa reko wa mtaa, yaani mjitolea wa afya anayepita nyumba kwa nyumba, na ndiyo maana nikisikia "maziwa mepesi" moyo wangu unaruka.

Sasa nisikilize vizuri. Kilio cha wiki za kwanza ni kama njia za huku kwetu: kinapanda mlima, kinafika juu, kinashuka. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha hesabu za mama 80 walioandika kila siku muda ambao watoto wao walilia. Walikuwa watoto wenye afya. Kwenye wiki ya pili walilia karibu masaa mawili kwa siku. Kwenye wiki ya sita, karibu masaa matatu. Halafu kilio kikashuka, hadi wiki ya kumi na mbili kikawa kama saa moja tu. Na muda waliolia zaidi ulikuwa jioni. Daktari mwingine, Wessel, mwaka 1954 aliweka kipimo cha kile kinachoitwa koliki: mtoto mwenye afya anayelia zaidi ya masaa matatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa wiki, kwa zaidi ya wiki tatu. Ona maneno "mwenye afya". Madaktari hawajakubaliana mpaka leo juu ya sababu moja ya kilio hiki, lakini mwendo wake wanaujua.

Wako ana siku 24. Sitakudanganya: bado anapanda. Huenda wiki mbili zijazo zikawa ngumu kuliko hii. Nakuambia mapema ili kilio kikiongezeka usidhani kuna kitu kimeharibika, na usianze kutafuta mwenye kosa.

Kuna jambo jingine litakalowapata hapo hapo. Chanjo za kwanza baada ya zile za kuzaliwa ni za wiki ya sita. Yaani sindano itamkuta juu kabisa ya mlima. Nimeingia nyumba nyingi nikiambiwa "tangu chanjo mtoto hanyamazi", na nikiuliza polepole, wanakumbuka kwamba alikuwa analia kila jioni hata kabla. Sindano inaweza kumletea mtoto joto kidogo na kilio cha siku moja au mbili. Kilio cha wiki nzima nzima hakitoki kwenye sindano. Usikubali mtu awazuie kurudi kwenye chanjo za wiki ya kumi na ya kumi na nne.

Kuhusu maziwa. Ukitaka kujua kama yanatosha usiulize kilio, uliza nepi na kilo. Mtoto anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku, mkojo usio na rangi kali, na ambaye kilo zake zinapanda kila mnapokwenda kumpima, huyo anashiba. Watoto wachanga hunyonya mara nane hadi kumi na mbili mchana na usiku, na jioni wengi wanataka titi kila baada ya muda mfupi. Mama akiliona hilo anasema maziwa yamekwisha, kumbe mtoto kwa kunyonya ndivyo anavyoyaita maziwa yaje. Ukimpa maji ya sukari au uji tumbo linajaa, anaacha titi, na hapo ndipo maziwa yanapungua kweli. Miezi sita ya kwanza titi peke yake, hata maji asipewe, na hasa maji yetu ya bidoni yanayopanda kutoka ziwani.

Na ile sirapu ya kulalisha ambayo baadhi ya famasi za barabarani wanauza, prometazini, isiingie nyumbani kwako. Dawa hiyo inaweza kuzima pumzi ya mtoto mdogo. Haifai kabisa kwa aliye chini ya miaka miwili. Mtu akikuambia mtoto akatwe kilimi, mshukuru na umsindikize hadi barabarani.

Basi mfanye nini? Mbebeni. Hilo Mama analijua kuliko sisi wote, na vitabu vimekuja kumkubali. Mwaka 1986 huko Montreal, Hunziker na Barr waliomba mama wengine wawabebe watoto wao masaa zaidi kila siku, hata kama hawalii. Kufika wiki ya sita watoto hao walilia pungufu kwa asilimia 43 kuliko wale wengine. Jambo lenyewe liko katika maneno hayo: hata kama hawalii. Wewe unamchukua akishapandisha kilio, na umechelewa. Mbebe saa kumi na moja, akiwa ametulia. Kwa umri wake mweke kifuani, kichwa kimeshikwa, pua iko wazi unaiona. Majirani watacheka kuona mwanaume amefunga kikwembe, kitambaa cha kubebea mtoto. Acha wacheke. Wakati huo mke wako anakula, au ananyoosha mgongo.

Akilia sana, tembea naye. Watafiti wa Japani mwaka 2022 waliona kwamba kutembea na mtoto dakika tano bila kusimama kunawatuliza wengi, na akishalala ni vizuri kukaa naye kimya dakika tano hadi nane kabla ya kumlaza. Ukimlaza mara moja anaamka. Mimi niligundua pia kwamba mvua ikipiga mabati mkubwa wangu alinyamaza. Msimu wa mvua Bukavu ulinisaidia kuliko mtu yeyote. Siku bila mvua nilimfanyia "shhhh" karibu na sikio, ndefu, mpaka kinywa changu kikauke. Mlaze chali, bila blanketi zito karibu na uso. Na hata baridi ikiwa kali, babula, jiko la makala, isilale ndani nanyi. Moshi wake mwingine hauonekani wala hauna harufu, nao unaua.

Kuna usiku ambao nitakuandikia wazi, kwa kuwa wewe ni damu yangu na kwa kuwa wengi wanauficha.

Ilikuwa wiki ya sita. Mume wangu alikuwa safarini. Mtoto alilia tangu jioni, ikafika saa tano. Nilikuwa nimemshika chini ya makwapa, nikamtazama usoni, nikasema kwa sauti, "Unataka nini kwangu?" Nikahisi mikono yangu inakaza. Mdogo wangu, nilimpenda mtoto yule kuliko roho yangu, na mikono yangu ilikaza. Nilimlaza chali katikati ya godoro, nikatoka, nikavuta mlango, nikasimama chini ya mabati. Nilimsikia analia. Nilihesabu pumzi zangu. Baada ya dakika kama kumi hivi nikarudi. Alikuwa bado analia, na mikono yangu ilikuwa mikono ya mama tena.

Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito, shingo haina nguvu. Akitikiswa kwa hasira, hata sekunde chache, mishipa ya damu ndani ya kichwa inapasuka. Anaweza kufa, au akabaki kipofu au kilema maisha yote. Kumbembeleza kwenye kikwembe si huko, usiogope kumchezesha. Nazungumzia mikono yenye hasira. Kilio cha dakika kumi peke yake mahali salama hakijamuua mtoto yeyote mzima. Wewe na mke wako mwambiane leo, mchana, mkiwa mmetulia: atakayehisi mikono inakaza anasema "mchukue", na mwingine anamchukua bila swali na bila lawama. Ukiwa peke yako, mlaze, toka nje, nipigie. Simu yangu siifungi usiku.

Mtazame na mke wako pia. Akilia kila siku bila sababu, akikataa chakula, akisema mtoto angekuwa heri kwa mama mwingine, au asipopata usingizi hata mtoto akilala, hiyo ni hali inayotibika. Mpeleke kwa muuguzi na umshike mkono njiani.

Kuna kilio ambacho hakingoji. Akiwa na joto la 38 au zaidi, au akiwa baridi kuliko kawaida. Akikataa titi au akinyonya bila nguvu. Akipumua mbiombio, mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kikizama ndani. Akipata degedege. Akitapika kijani, akitoa damu kwenye choo. Utosi ukivimba, kitovu kikiwa chekundu au kutoa usaha, viganja na nyayo zikiwa za njano. Akilegea, hata kama amenyamaza. Na mama akikuambia "kilio cha leo si cha kila siku", mwamini. Kwa lolote kati ya hayo usiniandikie, usingoje asubuhi, nenda kituo cha afya.

Kwa Mama nitasema mwenyewe. Usibishane naye, ni mama yetu; alitulea sita, na jinsi anavyomfunga mtoto na kumwimbia hakuna kitabu kitakachomzidi. Nitampigia Jumapili baada ya misa, nitamkumbusha siku mbili zile za serumu. Yeye ndiye aliyekaa nami pale kituoni, ananipa uji kwa kijiko. Nadhani akikumbuka atasimama upande wa mke wako. Wewe kazi yako ni moja mpaka hapo: mtu akisema "maziwa mepesi" mbele ya mke wako, jibu wewe, asijibu yeye.

Mimi sikuujua mwisho wa kilio siku ulipofika. Ilikuwa kama wiki ya kumi na moja. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kidogo, nikamaliza bugali yangu, na nikashtuka kwamba ilikuwa bado ya moto.

Alhamisi utapokea kifurushi bandarini: sambaza kavu na unga wa soya kwa uji wa mke wako, na kile kikwembe changu cha buluu nilichowabebea wote watatu. Kimefuliwa mpaka kimekuwa laini. Kikifika, mfunge nacho kifuani jioni hiyo hiyo, saa kumi na moja, kabla hajaanza.

Yaya wako,
Bukavu