Kwa mdogo wangu anayekesha na vitabu

Mdogo wangu mpendwa,

Kabla hujajiita mzito wa kichwa, tazama kinachofanyika humo ndani. Seli mbili za neva zinapokutana kwenye sinapsi hazigusani. Kati yake kuna upenyo wa kama nanomita 20. Ya kwanza humwaga glutamati, kemikali ya kupeleka ujumbe, ya pili huidaka kwa vipokezi vyake. Nguvu ya sinapsi hiyo hupanda na kushuka, na kujifunza kunategemea hapo.

Mwaka 1973 wanasayansi Tim Bliss na Terje Lømo walichapisha majaribio waliyoyafanya Oslo, Norwe, kwa sungura. Walichokoza neva zinazoingia hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, kwa mipigo ya umeme ya harakaharaka, na mwitikio wa seli ukapanda, ukabaki juu kwa saa kadhaa.

Siri iko kwenye kipokezi kimoja cha glutamati kiitwacho NMDA. Tundu lake limezibwa na magnesiamu. Glutamati peke yake haiwezi kulizibua. Mpaka seli inayopokea nayo iwe imechangamka kwa umeme wakati huohuo, ndipo magnesiamu hutoka na kalsiamu ikaingia. Ikiingia nyingi kwa ghafla, huamsha kimeng'enya CaMKII, na vipokezi vingine vya glutamati, vya aina ya AMPA, huongezwa kwenye utando wa seli. Glutamati ileile sasa huleta mwitikio mkubwa zaidi. Kalsiamu ikipanda kidogo tu na kwa muda mrefu, kama kwa mipigo 900 ya polepole, mmoja kila sekunde, vipokezi huondolewa na sinapsi hudhoofika. Hilo nalo ni la lazima, maana sinapsi zote zikiwa kileleni hakuna jipya linaloandikika.

Sasa linalokuhusu wewe. Kwenye vipande vya hipokampasi ya panya, mkupuo mmoja wa mipigo 100 ndani ya sekunde moja huimarisha sinapsi kwa saa chache, kisha nguvu hufifia. Mikupuo mitatu au minne, ikiachiana dakika kadhaa, hudumu zaidi, kwa kuwa seli huanza kutengeneza protini mpya. Dawa ya kuzuia utengenezaji wa protini ikiwekwa, uimara huo wa muda mrefu haupatikani.

Kipande cha ubongo si mwanafunzi, lakini hata kwa watu, kusoma kwa vipindi vinavyoachiana hushinda kukesha mara moja. Kwa hiyo ile sura ya figo isome leo nusu saa, funga kitabu, chora nefroni, kile kichujio kidogo cha figo, bila kuchungulia, sahihisha, ulale. Kesho ichore tena, na tena baada ya siku tatu.